Kisigino Kinapouma: Tujitunze Vipi Nyumbani

(Maneno yaliyosomwa na mwalimu mbele ya mkutano wa wakazi)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi katika siku hii ya kumbukumbu. Waliotangulia wamekwisha kusema juu ya tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, na juu ya wale tusio nao tena. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo dogo, nalo ni kisigino.

Wahenga walisema, mtembezi hula miguu yake. Sisi hatukutembea kwa kupenda. Tulipita porini na watoto mgongoni, wengine pekupeku. Safari ikaisha, maumivu yakabaki. Mimi mwenyewe nilifika mahali pa kushika ukuta kila asubuhi ili nifike mlangoni. Niliona haya kusema. Nani atalalamikia kisigino mbele ya mwenzake aliyezika mtoto? Lakini mama asiyeweza kukanyaga hawezi kuteka maji, na nyumba nzima hulala na kiu. Basi jambo hili si dogo.

Maumivu haya hutoka wapi? Chini ya wayo kuna mkano mpana, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Ukivutwa kupita kiasi kwa kutembea mno, kusimama kutwa, kubeba mizigo au kuvaa ndala zilizolika, huumia pale unaposhikana na mfupa. Dalili yake ni kwamba hatua za kwanza za asubuhi huchoma kama msumari. Ukitembea kidogo hupungua, na jioni hurudi. Wengi hupona bila kupasuliwa, ila huchukua miezi, hata mwaka.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kushuka kitandani, pitisha kapulana chini ya vidole, nyoosha goti, vuta taratibu. Hesabu hadi 30. Rudia mara tatu.

2. Simama ukishika ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino chini, goti limenyooka. Egemea mbele mpaka shavu la mguu livutike. Hesabu hadi 30, mara tatu.

3. Jaza chupa maji ya mtungini yaliyopoa, uiviringishe chini ya wayo dakika kumi jioni.

4. Usitembee pekupeku, hata ndani. Ndala ikilika, kata kipande cha ndala kuukuu ukiweke chini ya kisigino.

5. Punguza mzigo. Ndoo moja kubwa igawe mara mbili, au vijana wasaidie.

Msichanje kisigino kwa wembe wala kukichoma kwa jiwe la moto. Kidonda cha wayo huweza kuleta pepopunda. Tena tazameni vizuri, huenda ni mwiba au funza.

Nendeni zahanati upesi ikiwa kisigino kimevimba na kina joto, kuna homa au ganzi, maumivu yalianza baada ya kuanguka, au huwezi kukanyaga kabisa. Mwenye kisukari asingoje hata siku moja. Mtoto anayechechemea naye apelekwe.

Ndugu zetu wa mashirika, ombi letu ni mambo mawili. Penye foleni ya chakula yawekwe mabenchi au hata magogo, wazee na wajawazito wapate kukaa. Na viatu vikigawiwa, viwe vya soli nene na vya kipimo cha mguu wa mtu.

Mazoezi haya mimi nimeyafanya miezi minne, na leo nimesimama mbele yenu bila kushika ukuta. Haba na haba hujaza kibaba. Ipo siku tutarudi makwetu, na njia ni ile ile ya miguu. Tuitunze.