Kiti cha Choo kwa Asiyeweza Kuchuchumaa

Popote ulipo, iwe uko jikoni, dukani au ndani ya matatu ukirejea nyumbani, naomba unitegee sikio kwa dakika hizi chache. Jambo la leo ni lile ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu. Nitazungumzia choo, hasa choo cha mtu ambaye miguu, magoti au kiuno havimruhusu tena kuchuchumaa.

Tuanze kwa mfano. Tuseme kuna mzee wa miaka 70 anayeishi mashambani. Alipatwa na kiharusi, na upande wake wa kulia ukalegea. Mkewe alikwisha kufariki. Mwanawe anafanya kazi mjini na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Anayemtunza kila siku ni mke wa mwanawe. Mama huyu ana moyo mwema. Humpikia uji, humfulia nguo, na asubuhi humwekea kiti mahali penye jua. Lakini anaona mzee anazidi kukonda. Akimletea kikombe cha chai, mzee hunywa nusu. Akimpa ugali na mboga, hula matonge mawili tu na kusema, "Asante mama, nimeshiba." Maji ndiyo hayagusi kabisa. Midomo yake imekauka, na mkojo wake umekuwa wa rangi nzito kama chai ya mkandaa.

Watu wa nyumbani wanadhani ugonjwa umemzidi. Siku moja mhudumu wa afya ya jamii anapita kuwajulia hali. Anaketi karibu na mzee, anamwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, na chooni unaendaje?" Mzee anatazama chini kwa muda. Kisha anajibu, "Mwanangu, mimi siwezi kushikwa na kuchutamishwa chooni na mke wa kijana wangu. Afadhali nisile."

Msikilizaji, umeelewa? Mzee huyu hakupoteza hamu ya chakula. Anajinyima makusudi ili asihitaji kwenda haja. Na wewe unajua kwamba katika jamii zetu nyingi, baba mkwe na mkaza mwana wana heshima na mipaka yao. Kumlazimisha mzee avunje mipaka hiyo kila siku ni kumvunja moyo.

Mambo kama haya yako katika nyumba nyingi. Kuna nyanya mwenye baridi yabisi ya magoti, ambaye akichuchumaa hawezi kuinuka. Kuna kijana aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki. Kuna mama aliyevunjika nyonga. Wapo pia wagonjwa wa presha wanaoacha kumeza vidonge vyao kwa sababu vidonge hivyo huwafanya waende haja ndogo mara kwa mara, na choo kiko mbali.

Mtu anapojinyima maji, madhara yake hayakawii. Choo kikubwa huwa kigumu na huuma kutoka. Mkojo unaokaa sana kwenye kibofu huleta maambukizi. Kichwa huzunguka, na mtu mwenye kizunguzungu huanguka kwa urahisi. Anayekula kidogo hupoteza nguvu za misuli, na ile miguu iliyokuwa dhaifu huzidi kudhoofika. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, kukosa kula kunaweza kushusha sukari mwilini kiasi cha kuhatarisha maisha. Kwa hivyo, ukiona mgonjwa wako anakataa kula na kunywa, kabla ya kusema amechoka na maisha, muulize habari za choo. Muulize mkiwa wawili tu.

Sasa tufanye nini? Habari njema ni kwamba msaada mkubwa hapa unaweza kutengenezwa na fundi wa mbao au wa jua kali aliye karibu nawe. Nitataja vifaa vitatu.

Cha kwanza ni kiti cha choo. Hiki ni kiti imara chenye tundu katikati, ambacho huwekwa juu ya shimo la choo. Mtu huketi badala ya kuchuchumaa. Urefu wake upimwe kwa mwenyewe. Aketi akiwa amevaa viatu vyake vya kawaida, kisha upime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kwa watu wazima wengi ni karibu sentimita 45, yaani futi moja na nusu. Kwa mwenye magoti au nyonga ngumu, ongeza sentimita 5 hivi ili asipate taabu kuinuka. Lakini hakikisha nyayo zake zote mbili zinakanyaga chini. Miguu ikining'inia, hawezi kujitegemeza.

Tundu liwe na upana wa karibu sentimita 20 na urefu wa sentimita 30 kutoka mbele kwenda nyuma. Chini ya tundu, funga ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako, ili uchafu uelekee shimoni na usimwagike sakafuni. Miguu ya kiti ipanuke kidogo kwenda chini, iunganishwe kwa mbao za kupita, na ikae mbali na ukingo wa shimo. Weka mahali pa kuegemea mikono pande zote mbili. Kwenye nyayo za kiti, pigilia vipande vya tairi kuukuu ili kisiteleze.

Hapa nikuonye mambo mawili. Wapo wanaokata tundu kwenye kiti cha kawaida cha plastiki. Kiti kilichokatwa huwa dhaifu, na miguu yake inaweza kutawanyika kwenye sakafu yenye maji. Jambo la pili, tazama sakafu yenyewe. Ikiwa choo chako ni cha zamani na sakafu yake ni ya miti iliyoanza kuoza, itengeneze kwanza. Kabla ya mgonjwa kukitumia kiti, mtu mzima mwenye uzito kumshinda akikalie, ajitikise huku na huku. Kikimstahimili huyo, kitamfaa mgonjwa.

Kwa wale wenye choo cha kuketi cha maji, huenda kikawa kifupi mno. Wao wanaweza kupata kiti cha kuinulia, ambacho hufungwa juu ya choo, au fremu ya chuma yenye mikono ya kuzunguka choo hicho.

Kifaa cha pili ni vyuma vya kushikilia. Bomba la inchi moja hushikika vizuri mkononi. Lifungwe kwenye ukuta kwa kulala, kiasi cha sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni, na nafasi ya sentimita 4 au 5 kati yake na ukuta, ili vidole vipite lakini mkono usizame. Kwa mgonjwa wa kiharusi, chuma kiwe upande wenye nguvu. Kama kuta ni za udongo, au za mabati, usifunge chuma hapo, kwa maana kitang'oka siku mtu anapokihitaji. Chimbia nguzo mbili za mti mgumu kando ya kiti, ziingie ardhini futi mbili na zaidi, kisha funga chuma au mti laini juu yake. Taulo, komeo na kitasa cha mlango si vitu vya kujivutia.

Kifaa cha tatu ni cha usiku. Watu wengi huanguka wakielekea chooni gizani, na mzee akivunjika nyonga huenda asitembee tena kama zamani. Kwa hivyo weka kando ya kitanda kiti cha aina ile ile, lakini chini ya tundu kiwe na ndoo yenye mfuniko. Mwanamume anaweza pia kupewa chupa ya plastiki yenye mdomo mpana kwa haja ndogo. Weka pazia au leso ya kuzuia macho ya watu. Asubuhi ndoo imwagwe chooni na ioshwe.

Baada ya vifaa, tazama njia na mlango. Ondoa mawe na mizizi njiani. Kama kuna ngazi, jenga mteremko: kwa kila inchi moja ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa inchi 12. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Na mlango wa choo ufungukie nje. Kwa nini? Kwa sababu mtu akianguka ndani akauegemea mlango unaofungukia ndani, hakuna atakayeweza kuingia kumwokoa. Komeo liwe la kuweza kufunguliwa kwa nje pia. Mpe filimbi au kengele ya kuita.

Sasa tujifunze namna ya kuketi na kuinuka. Mgonjwa arudi nyuma polepole mpaka ahisi ukingo wa kiti kwenye miguu yake. Ashike chuma, ainame kidogo mbele, ndipo ashuke taratibu. Wakati wa kuinuka, asogee mbele ya kiti, avute nyayo nyuma kidogo chini ya magoti, ainamishe kichwa mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha ajisukume kwa mikono. Asimame kidogo kabla ya kupiga hatua, ili kizunguzungu kipite. Wewe unayemsaidia, simama upande wake dhaifu, umshike kiunoni kwenye mshipi. Usimvute kwa mkono uliolegea, maana bega lake linaweza kuteguka. Wala usimwache aning'inie shingoni mwako, kwa maana mtaanguka nyote wawili.

Mtu asiye na hisia sehemu za chini, kama aliyeumia uti wa mgongo, awekewe sponji iliyofunikwa plastiki kwenye kiti, na asikae hapo muda mrefu. Ngozi yake inaweza kupata vidonda bila yeye kujua.

Usafi nao usisahaulike. Mbao za kiti zilainishwe vizuri kwa msasa na zipakwe rangi ya mafuta, ili zisinyonye mkojo wala zisimchome mtu kwa vibanzi. Kioshwe kila siku kwa maji na sabuni. Maji ya kunawa mikono yawekwe mahali ambapo mtu aliyeketi anaweza kuyafikia, na karatasi au maji ya kujisafishia yawe upande wa mkono wake wenye nguvu.

Pengine utauliza, nani atanisaidia? Anza katika hospitali iliyo karibu. Uliza wataalamu wa mazoezi ya viungo, au wale wa kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli za kila siku. Chama cha APDK, ambacho kimekuwa kikiwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya tangu mwaka 1958, kina mafundi wa vifaa vya aina hii. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo lina mfuko wa kusaidia waliosajiliwa kupata vifaa, kwa hivyo hakikisha mgonjwa wako amesajiliwa. Na ukumbuke kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika mahali pa umma bila vizuizi, na kupata vifaa vya kumsaidia. Kwa hivyo hata choo cha soko, cha kanisa, cha msikiti au cha shule, una haki ya kuuliza: je, asiyeweza kuchuchumaa ataingia wapi?

Nimalize kwa kurudi kwa mzee wetu. Mwanawe alipokuja mwisho wa mwezi, alimwita fundi. Kiti kikatengenezwa, nguzo mbili zikachimbiwa, mlango ukageuzwa. Sasa mkaza mwana humsindikiza mzee mpaka mlangoni tu, kisha huenda zake kuchuma mboga na kungoja filimbi. Mzee huingia peke yake na kutoka peke yake. Kiharusi hakijapona, na mkono wa kulia bado ni mzito. Lakini juzi alipoletewa chai aliimaliza, akanyoosha kikombe akasema, "Mama, niongezee."

Msikilizaji, jioni ya leo tazama nyumbani kwako. Je, kuna mtu anayebakisha chai? Muulize kwa upole. Huenda dawa anayoihitaji iko kwa fundi wa mbao.