Shanga 146 na Ule wa Sita

Sokoni Ujiji katika karne ya 19, shanga zilikuwa fedha. Leo mwanafunzi wa Kigoma anayejiandaa kwa maonesho ya Young Scientists Tanzania, asasi iliyoanzishwa 2011, anaweza kuzipa kazi nyingine: kujenga protini.

Aanze na himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Mnyororo wake mmoja, beta, una asidi amino 146. Atunge shanga 146 kwenye waya laini, kisha aukunje akifuata picha inayopatikana bure kwenye hifadhidata ya Protein Data Bank. Sehemu kubwa hujisokota kama springi. Ushanga wa sita auwekee rangi tofauti. Hapo asidi amino ya glutamati ikibadilika kuwa valini, na mtoto akairithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama, anaugua selimundu.

Ushanga mmoja tu!

Wala asione haya kwa vifaa duni. Mwanasayansi John Kendrew alipoonesha umbo la protini nyingine, mayoglobini, mwaka 1958, modeli yake ilikuwa ya plastisini, mfano wa soseji zilizosokotana. Mwaka 1962 akapata Nobel.

Jaji atauliza kwa nini waya unakunjika pale unapokunjika. Mwalimu wa baiolojia na amuulize kwanza.