Benki Ikichanga, Mheshimiwa Apiga Kura Gani?

Niliombwa niseme juu ya riba. Nitasema, lakini leo tutafika mbali, mpaka Marekani, kwa sababu kule mambo mawili huandikwa wazi: nani alimchangia mbunge pesa za kampeni, na mbunge huyo alipiga kura gani.

Kadi ya mkopo ni kadi ya benki unayonunulia chakula au dawa leo, hata kama mfuko ni mtupu, ukalipa baadaye. Usipomaliza deni kwa wakati, riba inaanza kutembea. Zamani majimbo mengi yaliweka kikomo. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba benki yaweza kutoza riba ya jimbo lenye makao yake, hata kwa mteja wa jimbo lingine. South Dakota ikaondoa kikomo chake mwaka 1980, na Citibank ikahamishia kazi yake ya kadi huko. Vikomo vya kwingine vikabaki karatasi tu.

Sasa, Mei 13, 2009, Seneta Bernie Sanders alipendekeza riba ya kadi isizidi asilimia 15 kwa mwaka. Hakuliokota hewani jambo hilo. Vyama vya akiba na mikopo vya kule, ndugu za SACCO zetu, vilivyosajiliwa na serikali kuu, vina kikomo: sheria yasema 15, na bodi inayovisimamia imeruhusu 18 tangu 1987. Navyo vipo, vinakopesha.

Waliokubali walikuwa 33, waliokataa 60. Chama cha Rais Obama ndicho kilichokuwa na viti vingi, na bado baadhi yao walikataa. Siku 9 baadaye Rais alitia sahihi sheria ya kadi. Ilikuwa na mema yake, kwa mfano notisi ya siku 45 kabla ya kupandisha riba. Kikomo hakikuwamo.

Mwaweza kusema, asilimia ni asilimia tu. Haya, tupige hesabu. Deni la dola 1,000 kwa asilimia 15 lazaa dola 150 kwa mwaka. Kwa asilimia 29 lazaa 290. Tofauti ni dola 140. Mwezi huo mshahara wa chini kabisa uliowekwa na serikali kuu ulikuwa dola 6.55 kwa saa. Basi huyo mama afanye kazi zaidi ya saa 21 kulipia tofauti peke yake, na deni lenyewe bado limekaa pale pale!

Tuje kwa michango. Sisi tumezoea mheshimiwa akija harambee na bahasha. Kule bahasha yaelekea kwake. Kampuni yenyewe imekatazwa kumpa mgombea wa bunge pesa tangu 1907, lakini wakubwa wake huchanga katika mfuko wa kisiasa, na mfuko huo waweza kumpa mgombea hadi dola 5,000 kwa mchujo na 5,000 tena kwa uchaguzi mkuu. Benki ni nyingi, na kila moja yaweza kuwa na mfuko wake.

Msiende kusema nimesema kura zilinunuliwa. Benki humchangia pia yule ambaye tayari anakubaliana nazo, kwa hiyo huwezi kujua ni nini kilitangulia. Kwa maoni yangu kinachonunuliwa ni mlango. Mwenye mfuko akipiga simu anapokelewa. Yule mama wa asilimia 29 hajulikani. Seneta Dick Durbin, kiongozi wa pili wa walio wengi wakati huo, alisema redioni mwaka huohuo kwamba benki ndizo zinazomiliki Bunge. Na huyo ni mwenye nyumba anasema!

Benki nazo husema kikomo huwanyima maskini mkopo. Si uongo mtupu. Hapa Kenya tulikuwa na kikomo toka 2016 mpaka Novemba 2019, na wenye biashara ndogo wengi walirudishwa mlangoni. Lakini hoja hiyo isemwe mbele ya watu, na yule mama naye asikilizwe.

Naona mikono huko nyuma imeinuka kitambo. Karibuni maswali.