Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Mwalimu Aliyebaki na Mkono Mmoja



Katika jubilii hii ya miaka 25 mtasikia mengi kuhusu nyimbo tulizoimba na safari tulizokwenda. Sisi tumeomba dakika chache tuwaeleze habari za mpiga piano mmoja wa Marekani, Leon Fleisher. Maisha yake yanagusa jambo ambalo kwaya yetu inapaswa kuliamua mwaka huu.

Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka 1928. Alianza piano akiwa na miaka 4, na alipofika miaka 9 akapokelewa na mwalimu mkubwa, Artur Schnabel. Schnabel alikuwa amefundishwa na Leschetizky, Leschetizky akafundishwa na Czerny, na Czerny alikuwa mwanafunzi wa Beethoven mwenyewe. Angalieni mnyororo huo, ndugu zangu. Hakuna hata mmoja aliyejifunza peke yake.

Akiwa na miaka 16 alipiga pamoja na okestra ya New York Philharmonic. Mwaka 1952 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda mashindano ya Malkia Elisabeth huko Brussels, Ubelgiji. Mwaka 1959 akaanza kufundisha Peabody, chuo cha muziki mjini Baltimore ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Kisha, katikati ya miaka ya sitini, kabla hajatimiza miaka 40, vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha pete na cha mwisho, vilianza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Ugonjwa huo huitwa distonia. Amri za ubongo kwa misuli huvurugika, na huwapata zaidi watu wanaorudia mwendo uleule miaka mingi, wakiwemo wanamuziki. Madaktari wa wakati ule hawakuweza kumponya. Mtu aliyekula kwa jasho la mikono miwili akabaki na mmoja, akakata tamaa sana.

Lakini hakufunga piano. Ziko kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto pekee. Iliyo maarufu zaidi ni konseto ya Mfaransa Ravel, aliyomtungia Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Austria aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Fleisher akazipiga hizo. Akaongoza okestra. Na zaidi ya yote, akaendelea kufundisha.

Hapo ndipo sisi tulio walimu tunapotega sikio. Zamani, mwanafunzi akikwama, Fleisher angemwondoa kitini, akae yeye na kumwonyesha. Sasa mkono ulikataa. Ikabidi atafute maneno: aeleze kwa nini sauti ipande hapa, na wimbo upumue wapi. Ualimu wake ukanufaika, kwa maana anayeonyeshwa huiga, bali anayeelezwa huelewa. Miongoni mwa wanafunzi wake ni André Watts na Yefim Bronfman, waliosikika katika kumbi kubwa za dunia.

Katika miaka ya 1990 sindano za dawa ya kulegeza misuli zilimsaidia, na akarudi kupiga kwa mikono miwili. Mwaka 2004 akatoa albamu ya mikono yote miwili. Ugonjwa haukuisha, ila alijua kuishi nao. Alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 92, zaidi ya miaka 60 tangu aingie Peabody.

Wapendwa, tumewaletea habari hizi kwa sababu tunawaona waasisi wetu viti vya nyuma. Waliokuwa soprano wa kwanza leo hawafiki juu. Baadhi ya besi zetu za zamani wanakohoa katikati ya ubeti. Wamerudisha majoho, wakasema, "Sisi tumemaliza, sasa ni zamu ya vijana." Vijana nao wanajifunza nyimbo kwa kusikiliza simu, na wengi hawawezi kusoma solfa. Mpiga kinanda wetu ni mmoja tu. Akisafiri, kinanda hufunikwa kitambaa. Waasisi hawa wakiondoka na walichonacho, mnyororo wetu utakatikia hapa, na jubilii ya miaka 50 haitakuwa na waimbaji wa kuiimba.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, kila sauti, yaani soprano, alto, tena na besi, ichague mwasisi mmoja awe mwalimu wake, na tukutane kila Jumamosi alasiri kwa solfa kabla ya mazoezi. La pili, watoto wawili au watatu waanze kukaa kando ya mpiga kinanda wetu kuanzia mwezi ujao.

Mama zetu na baba zetu, hatuwaombi mfikie tena noti za juu. Tunaomba mtueleze mlivyokuwa mkizifikia. Majoho yenu tumeyatunza kabatini, yamefuliwa na kupigwa pasi. Njooni myachukue.