Macho na Mapafu ya Mwanagenzi

Katika karakana za Gerezani, Dar es Salaam, mwanagenzi huanza kwa kupima, kukata na kupiga grenda kabla hajaruhusiwa kuchomelea. Mkono huzoea upesi. Hatari ndiyo huchelewa kujulikana.

Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, lakini maumivu yake, kama ya mchanga machoni, huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku. Miwani ya jua haifai kabisa! Moshi nao si wa kupuuzwa: mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka kwenye kundi la visababishi vya saratani. Bati lenye zinki likichomwa, mafusho yake huleta homa.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, lakini cheti hakilindi macho wala mapafu. Fundi mkuu, mpe kijana wako ngao ya uso yenye kioo cheusi kabla hujampa kazi.