Je, Daktari Ramgoolam Aliviuza Visiwa vya Chagos?

Msikilizaji wetu wa Tanga ameuliza: tangu Uingereza na Morisi zitie saini mkataba wa Chagos, Mei 22, 2025, jina la Ramgoolam halikauki midomoni. Ni yupi huyo, na ni kweli aliviuza visiwa?

Ndugu yangu, wako wawili, baba na mwana. Wote madaktari, wote wa chama cha Labour cha Morisi, wote mawaziri wakuu! Mwana ni Navin, aliyerudi madarakani Novemba 2024. Leo namtaka baba, Sir Seewoosagur.

Huyu alizaliwa mwaka 1900 huko Belle Rive, akapoteza jicho moja utotoni, akasomea udaktari London, akarejea 1935. Miaka mitano baadaye akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na siasa haikumwachia tena.

Sasa twende London, Septemba 23, 1965. Ramgoolam anadai uhuru. Mbele yake yuko Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, naye wa chama cha Labour. Wilson ameshaandikiwa na msaidizi wake namna ya kumkabili mgeni: mpe tumaini la uhuru, na papo hapo mtie hofu ya kuukosa asipoiachia Chagos. Tumaini na hofu, kwa pamoja! Ndipo Chagos ikamegwa kutoka Morisi, kwa fidia ya pauni milioni 3. Uhuru ukaja Machi 12, 1968.

Ujumbe mwingine umeingia, kutoka Mombasa: "Si angekataa tu?" Angekataaje, wakati aliyeombwa uhuru ndiye aliyetaka visiwa? Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yaliyopitishwa na majaji 13 dhidi ya 1, ilisema kwamba kuimega Chagos hakukutokana na hiari ya kweli ya wananchi. Kwa hiyo mimi nasema hakuuza. Alibanwa. Narudia: alibanwa!

Lakini simwachii hivi hivi. Wenyeji wa Chagos, wa Diego Garcia, Peros Banhos na Salomon, hawakuwa na mtu wao mezani. Kufikia 1973 walikuwa wameondolewa wote, wengi wakatupwa kwenye umaskini wa Port Louis. Daktari hamkati mgonjwa mguu bila kumwuliza. Na mkataba wa 2025 nao ulijadiliwa na serikali mbili, Wachagos wakiwa nje ya chumba. Kosa la 1965 limerudiwa, na safari hii hakuna aliyebanwa.

Nyie mwasemaje? Simu ziko wazi.