Msaada wa Marafiki Kati ya Sura ya Tatu na Utetezi wa Tasnifu



Wanafunzi wetu wa uzamili na uzamivu ni nadra kukwamia darasani. Wakati wa kozi wanaonana kila siku, wanapeana notisi, wanasukumana kwenye kazi za vikundi, na mitihani inapita. Ugumu huanza pendekezo la utafiti likishapitishwa. Barua ya kibali hutoka chuoni ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, na mwanafunzi akabaki peke yake na hojaji zake. Anapomaliza kukusanya data, ruhusa ya masomo nayo imekwisha. Kama ni mwalimu, anarudi kituoni kwake, Kibondo au Nachingwea, anapangiwa vipindi, na tasnifu inalala kwenye kompyuta.

Hapo ndipo rafiki anapohitajika. Lakini "Umefikia wapi?" ni swali linalomchoma aliyekwama, na wapo wanaoacha kupokea simu kwa sababu yake. Rafiki wa kufaa huomba kurasa. Husema, "Nitumie ulichonacho hata kama hakijakaa sawa, Jumamosi nitakisoma," na Jumamosi akakisoma kweli.

Nawafahamu walimu wawili wa sekondari, mmoja akitafiti isimu, mwingine uongozi wa elimu, waliozoea kusomeana sura kwa simu usiku watoto wakishalala. Siku moja yule wa uongozi alikuwa katikati ya sura ya nne, mwenzake akamkatisha: "Hebu rudia hapo. Sura ya tatu ulisema hojaji zilizorudi ni 112, mbona jedwali linajumlisha 121?" Msimamizi alikwishaipitia sura ile, na mwandishi mwenyewe alikuwa ameisoma mpaka macho yakazoea. Kosa likaonwa na mtu wa isimu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba asiye wa fani yako hawezi kukusomea. Wa fani yako atajadili nadharia nawe, na huyo mwingine atakuuliza sentensi yako ina maana gani. Yote mawili yanahitajika.

Kusoma kazi ya mwenzako kuna mpaka wake: usimwandikie. Mbele ya watahini ataulizwa kwa nini alichagua kiunzi kile cha nadharia na sampuli ile, na atajibu yeye. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu biashara ya kuandikiwa tasnifu ipo, na baadhi ya wateja wake ni watu wenye uwezo kabisa waliochoshwa na upweke.

Utetezi ukikaribia, marafiki watatu wanatosha kufanya utetezi wa majaribio: saa iwe mezani, na mmoja avae kofia ya mtahini wa nje, asimwonee mwenzake haya. Ni afadhali mtu agugumize mbele yao kuliko mbele ya watahini.

Ninalosisitiza zaidi ni kipindi kinachofuata utetezi. Mtu hupongezwa, hupigwa picha, kila mmoja akaondoka akidhani kazi imekwisha, naye amebaki na orodha ya marekebisho na tarehe ya mwisho. Wengine hukwama hapohapo, wakaja kudaiwa ada ya kuongezewa muda. Kwa hiyo napendekeza kila kundi linalomaliza kozi ligawanyike wawili wawili kabla ya kutawanyika, na kila jozi ishikane mpaka nakala zote mbili zilizojalidiwa zipokelewe chuoni.